Mshona Kofia Aliyeswali Kichwa Wazi

Mama yake alimzaa siku ya Ijumaa, mwezi wa Rajabu, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, kabla mkunga hajafika na kabla maji hayajachemka. Mjomba wake, aliyekuwa chumba cha mbele akishona kofia, alisikia kilio, akaduwaa na sindano mkononi, kisha akamfunika mtoto kwa kitu cha kwanza alichokiona: kitambaa cheupe kilichokwisha kukatwa kwa ajili ya kofia sita. Mama alikisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na hakukosa kuongeza kwamba kaka yake alizisikitikia zile kofia kuliko alivyomfurahia mpwa. Baba wa mtoto, mwashi mpole, alikufa kwa homa mwaka wa pili. Hivyo mtoto akalelewa dukani, akajua kutunga uzi kwenye sindano kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Watu wakamwita Fundi Sindano, na jina hilo likamganda mpaka lile alilopewa na wazazi likasahaulika.

Kofia ya mkono hula siku kumi na mbili, na ya maua hula zaidi. Kuna duara la juu na ukuta wa pembeni, na kuna mamia ya vitundu vya kuzungushia uzi kimoja kimoja ili kichwa kipate hewa. Kisha hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya chungu kilichopinduliwa. Fundi Sindano alizishona huku akisoma Kurani kwa moyo, na alipotimiza miaka ishirini na miwili alikuwa ameihifadhi yote, juzuu kwa juzuu, pale pale kwenye kigoda chake. Hakumsengenya mtu, hakupunja mteja, na adhana haikumkuta hata siku moja bila udhu. Mkewe, mwanamke mcheshi, alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba mume wake huyo anazipenda kofia hata akienda kuoga huuliza ya kuogea iko wapi. Alikuwa mtu mwema kwelikweli. Lakini alikuwa na kosa moja asilolijua, nalo lilikuwa limekaa mahali pale pale wema wake ulipokaa: aliamini kwamba mwanamume anayesimama kuswali kichwa wazi anamdharau Mola wake.

Alipofikisha miaka thelathini na saba, kamati ya msikiti ilimpa usimamizi wa mlango. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga viatu, kuwaonyesha wageni mabomba ya kutawadhia na kuhimiza utulivu. Yeye akaiongeza nyingine ambayo hakutumwa. Aliyefika bila kofia wala kilemba alirudishwa, kwa upole, kwa maneno laini, lakini alirudishwa. Safu za mbele zikapendeza kuliko misikiti yote ya mji, nyeupe kwa nyeupe, na mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa saruji, akamsifu mbele ya watu. Imamu hakusema kitu.

Miaka miwili baadaye, Ijumaa ya pili ya mwezi wa Shaabani, mzibua mitaro alifika mlangoni akihema. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Alikuwa ametawadha vizuri, kanzu ilikuwa safi, nywele zikichuruzika maji. Kitambaa alichozoea kujifunga kichwani kilikuwa kimechafuka, akakiacha. Fundi Sindano alimzuia kwa kiganja kifuani, akamwambia kwamba kwa Mfalme hakuingiwi kichwa wazi, akatafute kofia arudi.

“Fundi, hutuba inakaribia kwisha,” mzibua mitaro alisema. “Niache nijibanze hapa nyuma.”

“Nenda haraka, utawahi.”

Yule mtu hakubisha. Alicheka kidogo, akachukua ndala zake na kukimbia. Watu walikuwa katika rakaa ya pili waliposikia breki za lori, kishindo, halafu kimya. Imamu alipotoa salamu walitoka mbio, na Fundi Sindano, aliyekuwa akiswali karibu na mlango, ndiye aliyefika wa kwanza. Mzibua mitaro alikuwa amelala ubavu katikati ya barabara, hatua arobaini kutoka msikitini, ndala moja mguuni. Kichwani alikuwa na kofia. Fundi aliitambua kabla hajautambua uso, kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Akakaa chini juu ya lami. Walimwinua watu wawili. Siku hiyo hakulia, na kesho yake pia hakulia; alipoulizwa jambo alimtazama mwulizaji kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ugenini. Siku ya tatu alikwenda nyumbani kwa imamu, akakataa kiti, akauliza akiwa amesimama kama swala ya mwanamume asiye na kofia inasihi, yaani kama ni sahihi.

“Inasihi,” imamu alijibu. “Kufunika kichwa ni adabu na ni pambo. Wema waliotutangulia waliipenda adabu hiyo, nasi tunaipenda. Lakini si sharti la swala yake.”

“Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Na ulikuwa ukinisikia mlangoni.”

Imamu aliinamisha macho. “Nilikusikia. Nilisema moyoni, anaupendezesha msikiti.”

Fundi Sindano alisimulia baadaye kwamba jibu hilo lilimshtua kuliko kishindo cha lori. Maisha yake yote alikuwa na Kitabu kizima kifuani, na mwanachuoni jirani, na hakuwahi kuuliza swali la maneno machache. Hapo ndipo watu wengi wanapohesabu kwamba wito wake ulianza.

Kutoka hapo alikwenda kwa mjane. Alimkuta uani anakamua nguo, pamoja na kaka yake, aliyemwazima marehemu ile kofia. Fundi alisema yote bila kujipunguzia: mumeo alikuja kuswali, mimi nikamrudisha, na sheria haikuwa nami. Shemeji wa marehemu alisimama ghafla, ndoo ikapinduka. Mjane hakusimama. Alisema kwamba mumewe aliingia mbio akimwomba shemeji yake kofia, na hakuwa na hasira. Alijitazama kwenye kioo kilichovunjika, akasema leo ataswali kama watu. 

“Ondoka kwanza,” mjane alimwambia fundi. “Nikipata la kukuambia, nitakuita.”

Fundi Sindano aliacha kazi ya mlango siku hiyo hiyo, na Ijumaa iliyofuata akaingia msikitini kichwa wazi. Waumini walipigwa na butwaa. Mshona kofia, mwenye kofia arobaini dukani, amesimama safu ya mwisho na upara unaong'aa! Wengine walidhani amerukwa na akili, wengine walidhani ameacha dini. Wateja wakahama mmoja mmoja. Kamati ikamwita, mwenyekiti akamwamuru avae au asikanyage tena pale. Waliokuwepo walilishika neno lake la kujibu.

“Kofia naipenda kuliko ninyi nyote,” alisema, “na nitaishona mpaka nife. Lakini siku ile mimi nilikuwa nayo na yeye hakuwa nayo, na Mungu ndiye ajuaye nani kati yetu alisimama kichwa wazi.”

Wakamfukuza. Miezi saba aliswali barabarani, nje ya ukuta, jua likimpiga utosini, mkewe akimletea maji na kumwambia kwamba sasa amepata hewa bila kutoboa vitundu. Mwezi wa nane mjane alimwita. Alikwenda akiwa tayari kusamehewa au kutukanwa. Hakupata hata kimoja.

“Nasikia uliacha mlango,” mjane alimwambia. “Nani sasa anawapokea watu wa mitaroni? Rudi mlangoni. Ila safari hii waingize.”

Alirudi. Hakuomba ruhusa ya kamati. Alisimama upande wa nje wa kizingiti, ambako hakuna kamati, akiwa na kapu la kofia safi. Aliyekuja bila kofia alionyeshwa kapu, akichukua vizuri, asipochukua vizuri vile vile, mradi aingie. Siku ya tatu mwenyekiti alikuja kulipiga teke kapu lile, na kofia zikatawanyika vumbini mbele ya watu. Ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Imamu, mzee mwenye haya, alishuka mimbari, akatoka nje bila viatu, akavua kilemba chake na kukiweka ndani ya kapu.

“Mimi nilijua nikanyamaza,” aliwaambia waumini. “Mkitafuta wa kumfukuza, anzeni na mimi.”

Hakuna aliyemfukuza. Mwenyekiti alikaa mwaka mzima bila kufika, kisha akarejea kimya kimya na kuswali nyuma.

Fundi Sindano alisimama mlangoni miaka ishirini na minane. Wabeba mizigo, wachoma makaa, wasafiri, walevi waliotubu asubuhi ile ile, wote walipita mbele yake. Wapo wanaosimulia kwamba kapu lake halikuwahi kuisha, ingawa yeye alishona kofia mbili tu kwa mwezi na walioondoka nazo walikuwa wengi. Mkewe alipoulizwa alisema hajui zinakotoka, na yeye hakuwa mtu wa uongo. Wapo pia waliosema kwamba maumivu ya kichwa yaliwatoka walipovaa kofia za kapu lile. Fundi mwenyewe aliposikia hayo alikasirika, akasema anayeumwa kichwa aende hospitali. Kila mwezi wa Shaabani alibisha hodi kwa mjane, akauliza swali moja: umepata la kuniambia? Mjane akajibu: bado. Akaaga, akarudi kazini.

Alifariki akiwa na miaka sitini na saba, swala ya alasiri, katika safu ya mwisho. Alisujudu rakaa ya tatu na hakuinuka. Waliokuwa karibu walidhani anarefusha dua. Jeneza lake lilisindikizwa na watu ambao mji haukujua kuwa unao, wenye vilemba, wenye kofia, wenye vichwa vitupu, wamechanganyika bega kwa bega, na mwenyekiti mzee akiwa miongoni mwa waliobeba.

Siku ya matanga, mjane wa mzibua mitaro alikuja, sasa ajuza wa mkongojo, akakaa karibu na mjane wa fundi. Mke wa fundi alimwuliza kwa upole, kama dada anavyomwuliza dada, kama hata leo bado.

“Nilimsamehe siku ile ile aliporudi mlangoni,” ajuza alisema. “Sikumwambia. Niliogopa akijua, atauacha mlango aende kukaa.”

Mke wa fundi aliufunika uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika muda mrefu, na hakuna aliyeweza kusema kama ni kilio au ni kile kicheko chake. Halafu akaunyosha mkono, akaushika wa mwenzake, na hakuuachia mpaka wageni walipoondoka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Sindano. Anayetaka kumfuata avae kofia yake nzuri aendapo kuswali, kwa maana ni pambo na yeye aliipenda. Aulize kabla ya kumzuia mtu. Akikosea, aende akaseme kwa mdomo wake, uani, mbele ya ndoo ya nguo. Na mwenye msamaha moyoni autoe angali mwenye kuusubiri anabisha hodi. Kwa maana yeye aliusubiri miaka ishirini na minane, nao ulikuwa wake tangu mwaka wa kwanza.