Vidole Vinne vya Fimbo

Walimwita Rula, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini alikuwa seremala, na hakuna mlango wake uliowahi kugoma kufunga. Alikuwa mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, wa kumrudisha mteja nyumbani mikono mitupu kwa sababu ubao umepinda kidogo, kiasi ambacho mimi na wewe tusingekiona hata tungevaa miwani miwili. Basi wafugaji kumi na wawili wa pale walipokubaliana kulisha kwa zamu, nani mwingine angekabidhiwa fimbo?

Maana walikuwa na fimbo. Malisho yao ya pamoja waliyagawa vitalu vitano. Ng'ombe wanakula kimoja, vinne vinapumzika. Kitalu hakifunguliwi mpaka majani yafike kwenye mstari mwekundu wa fimbo. Rula akiisimamisha ardhini akasema bado, ni bado, hata kama ng'ombe wako analia getini kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Watu walinung'unika, lakini mkono wa Rula waliuamini.

Wazo lote lilikuwa la shemeji yake, mjane wa kaka yake. Huyu mama alikuwa ameokota mbegu za nyasi njiani na mitaroni kwa miaka mitatu, suke kwa suke, akapanda sehemu zilizokuwa vipara kwenye kitalu cha tano. Walimcheka mpaka wakachoka. Mtu mzima anapanda majani! Yalipoota, cheko likakatika, wakaanza kumwita Mama Nyasi kwa heshima zote. Mbegu zilizobaki alizihifadhi kwenye debe nyuma ya mlango wake, akingoja mvua nyingine apande kitalu cha nne.

Sasa ilikuwaje Rula, huyu huyu, akaikata fimbo? Ng'ombe wake alikuwa amezaa, mbavu zinahesabika, maziwa hayamtoshi hata ndama. Kitalu cha tano kilikuwa kimebakiza kama siku kumi na mbili kifunguliwe. Angeweza kuwaambia wenzake, jamani, nimekwama, nikatieni majani kidogo. Lakini kila wiki yeye ndiye aliyewaambia wengine wavumilie, na ulimi ulimwia mzito. Asubuhi moja mkewe alipokwenda kuteka maji, aliingia kwenye karakana yake, akaibana fimbo, akakata vidole vinne upande wa chini. Akapiga msasa, akapaka tope palipokatwa pasionekane papya. Kazi safi, kama kawaida yake. Kipande kilichobaki hakukitupa, kwani fundi hatupi mti mzuri. Alikisokomeza chini ya mlango wa banda la ndama kiwe kabari.

"Mara hii tu," alijiambia. Maneno hayo tumeyasema sote, tusijifanye watakatifu.

Siku hiyo hiyo majani yakafika mstarini, ng'ombe wakaingia, watu wakamshukuru. Lakini fimbo iliyokatwa hairefuki. Kitalu kilichofuata nacho kilifunguliwa kabla ya wakati, na kilichofuata, msimu mzima. Majani yaliliwa kabla mizizi haijapata nguvu. Mvua ziliporudi, vitalu viliota kwa kusuasua, na kitalu cha tano, kilicholiwa kwanza, kilirudi kuwa kipara, magugu hapa na mavumbi pale.

Kikao kikaitwa. Watu walitafuta mchawi wao, na hawakwenda mbali.

"Mbegu za Mama Nyasi mbovu," alisema mmoja wao, muuza maziwa. "Zimeota mara moja, zikafa. Fimbo tumeifuata, au siyo, Rula?"

Rula alitazama viatu vyake. "Tumeifuata," alisema.

Shemeji yake akasimama. Hakujitetea. "Labda nilizianika vibaya," alisema. "Nisameheni. Niliwapa matumaini ya bure." Akaketi, akavuta kanga yake mpaka karibu na macho.

Tangu siku ile chakula hakikumpita Rula kooni. Mkewe alimuuliza kama ni jino. Kila alipofungua banda la ndama alikutana na kile kipande, na ndama mwenyewe, mnene, mwenye afya, alimlamba mkono. Aliona haya mbele ya ndama. Siku nane alikwenda mpaka kwenye ua wa shemeji yake, akageuza njiani akijidai amesahau kitu. Siku ya tisa aling'oa kabari, akachukua fimbo, akaenda bila kusimama.

Alimkuta uani, mchana kweupe, ungo mkononi.

"Karibu shemeji. Mbona umebeba fimbo, leo unapima kuku?"

Rula hakucheka. Aliiweka fimbo chini, akakiunga kipande kwenye mwisho wake. Kilikaa sawasawa, mishipa ya mti ikaungana.

"Nilikata mimi," alisema. "Mwaka jana. Ng'ombe wangu alikuwa na njaa. Mbegu zako hazikuwa na kosa lolote, shemeji. Tuliyalisha majani yake kabla hayajakomaa, na nikakuacha ubebe lawama."

Mama yule alipagusa pale palipounganishwa.

"Kumbe zilikuwa nzima," alisema polepole.

"Nzima kabisa. Na lile debe lako lipo, tutapanda wote. Nitalima mimi mwenyewe."

Shemeji yake aliinua ungo, akauonyesha. Ulikuwa mtupu, umebaki vumbi la makapi tu. Miguuni pake kuku walikuwa wakidonoa kwa fujo.

"Hizi ndizo zilikuwa za mwisho," alisema. "Nimewapa tangu juzi. Niliona aibu kuziangalia."

Rula akavua kofia yake.

"Kesho kuna kikao. Utakwenda," shemeji yake aliendelea, sauti imekauka. "Na fimbo, na kipande. Utawaambia wote, kama nilivyosimama mimi mbele ya wote."

"Nitakwenda."

Hakuondoka. Alipiga magoti mavumbini, akawafukuza kuku kwa kofia yake, akaanza kuokota mbegu moja moja na kuziweka kiganjani. Zilikuwa ndogo, vidole vyake vinene vya useremala vilizipoteza. Shemeji yake alisimama akimtazama. Hakumfukuza, wala hakuinama kumsaidia.