Zizi la Kichwani mwa Baba

Kikao cha kuamua nisome nini kilifanyika nyumbani kwetu Sapiwi, mbele ya zizi, ng'ombe wenyewe wakisikiliza. Ilikuwa haki yao, maana wanne kati yao ndio waliokuwa ada. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mkopo wa serikali umenipitia mbali, na nimechaguliwa chuo kikuu kusoma shahada ya Kiingereza. Kulikuwa pia na nafasi ya cheti cha uuguzi, ambacho kingekula ng'ombe mmoja na ndama wake.

Baba mdogo, mwenye duka la mbegu na dawa za pamba kule Dutwa, ndiye aliyekuwa mchumi wa ukoo. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, akabonyeza weee!

"Hicho Kiingereza, huko kwao mtoto wa miaka miwili anakijua, na hajalipa hata shilingi," alisema. "Sisi tutoe ng'ombe wanne?"

Kikokotoo kilisema uuguzi. Mama alisema uuguzi. Mimi nikasema Kiingereza, kwa ukaidi niliourithi kwa baba. Kwanza damu naiogopa. Pili, nilikuwa nimesoma vitabu vyote vya maktaba ya shule, hata vile ambavyo mchwa walikula kurasa za mwisho, nikajitungia mwisho mwenyewe.

Maziwa ya jioni yalipoletwa, baba akasema, "Mitamba wanne watauzwa. Lakini nitawahesabu."

Hatukumwelewa mara moja. Kwetu, ukimpa mtu ng'ombe akufugie, siku ya kumdai humdai yule ng'ombe peke yake, unadai na uzao wake. Baba akaniweka mimi kwenye fungu hilo. Mitamba wanne wakapandishwa lori kwenda mnadani, na wanne hao hao wakabaki kichwani mwake, wakaanza kuzaa.

Likizo ya kwanza nilipiga goti nikamsalimia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri tu, akaniita mayu, yaani mama, kisha akaongeza, "Wamekuwa saba." Siku ya mahafali joho langu nimelipiga pasi mpaka limekoma, akanitazama juu mpaka chini. "Kumi na moja." Picha ya siku ile ninayo mpaka leo: mimi nacheka, yeye anahesabu.

Halafu ikaja habari ya ajira. Jamani! Nilituma barua za maombi mpaka mwenye stesheneri akaanza kuniita wifi. Wenzangu waliokwenda uuguzi walikuwa wameshaezeka nyumba za wazazi wao kwa bati. Mwishowe nikapata shule binafsi Bariadi mjini, nikawa nafundisha watoto kusema Kiingereza ambacho baba zao wangekisikia na kutabasamu bila kuelewa. Mshahara wenyewe ulikuja kwa miguu, na njiani ulipumzika. Huku nyuma baba alikuwa amefikisha ishirini.

Siku moja uvumilivu ukaniishia.

"Baba, hao ng'ombe wako hawaugui? Ndigana haiwajui? Fisi hawawaoni?"

"Wako kwangu," alijibu kwa upole. "Nawachunga vizuri."

Nililia kwa hasira njia nzima kurudi mjini. Nilichotaka kwake kilikuwa kimoja tu: aseme, hata mara moja, kwamba kwangu mimi hakupata hasara.

Kisha mvua zikagoma. Malambo yakakauka, na kutoka Bukundi mpaka kwetu njia zikanuka mizoga. Ng'ombe wa baba, wale wa kweli, vijana walikuwa wanawainua kwa mikono asubuhi ili wasimame, mchana wameshalala tena. Hakubaki hata mmoja. Mshahara wangu ule mvivu ndio ulionunua mahindi. Kila mwezi nilipakia gunia kwenye basi, na baba akalipokea. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemwekea swali langu.

Alikuja mwenyewe mjini asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nasahihisha madaftari. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia mabegani. Nilipiga goti, nikampa chai na viazi, wala sikumsubiri ameze.

"Baba, wale wako wamefika wangapi sasa?"

Nilijuta papo hapo. Aliweka kikombe chini taratibu. Akasema ukame hauchagui. Wangekuwa zizini wangekwisha na wenzao, mama na ndama, wote. Nikadhani amemaliza, nikainuka kumwongezea chai.

"Wamebaki wanne tu, mayu," akasema. "Wale waliokwenda chuo."

Akavuta daftari moja la juu, akalifungua, akapitisha kidole kwenye alama zangu za wino mwekundu ambazo hawezi kuzisoma.

"Nimekuja kuwaona."