Jina Lililopitiwa na Kalamu ya Bluu

Weka chini hiyo kalamu. Iweke chini, nimesema! Sasa kaa, mwanangu, nikueleze kinachonipandisha hasira hivi.

Naikumbuka siku niliyompeleka mama yangu kwenye maktaba ya misheni, huku huku Njombe. Tulitoka Makambako na basi la asubuhi, ukungu umefunika barabara. Mama alikuwa mzee tayari, na alikuja kwa jambo moja tu. Mtoto wake wa kwanza, dada yangu nisiyemwona, alifariki siku aliyozaliwa. Sista alimbatiza harakaharaka, mama mwenyewe hajitambui. Alipozinduka, akaambiwa alikuwa wa kike na ameshazikwa. "Usiulize sana, utazaa mwingine." Akanyamaza, hadi uzeeni. Lakini kila Novemba padri akisoma majina ya marehemu, mama alikuwa na mmoja ambaye hakuweza kumtaja. Alitaka jina, basi.

Kijana wa maktaba alitupokea vizuri, kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mama," akatoa kitabu cha ubatizo. Tena kwa maringo! Wino wa zamani ulikuwa umefifia, naye alikuwa ameupitia wote upya kwa kalamu ya bluu. Ukurasa wetu ulisomeka safi: jina la mama, kijiji, siku yenyewe. Mtoto: Augustino.

"Alikuwa wa kike," mama akasema.

Kijana akajikuna kichwa. Hapo palififia mno, akasema, zilibaki herufi mbili za mwanzo tu, zilizobaki akakisia.

Akakisia! Augusta? Augustina? Aurelia? Tulikipeleka kitabu dirishani, tukakigeuza huku na huku. Bluu tupu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama hakupaza sauti. "Mjukuu wangu," alimwambia, "ungeniachia hizo mbili. Zilikuwa zangu."

Alikufa hajalijua. Nami hukaa kanisani kila Novemba nimekunja ngumi, Mungu anisamehe. Naungama, narudi nyumbani, hasira iko palepale. Ndiyo iliyoniingiza kwenye kazi hii ya kutunza nyaraka, usidhani ni mshahara.

Na leo nakukuta wewe, msomi mzima, umeinamia rejista na kalamu, eti unasaidia! Nani kakutuma? Kuuliza si ujinga, mwanangu. Karatasi ikififia, iondoe juani, ikinge na unyevu wa baridi hii yetu, ipige picha, uishike kwa mikono mikavu. Unachokisoma kiandike kwa penseli, kwenye karatasi nyingine. Usichokisoma, andika "haisomeki" na usione haya. Usilolijua ni usiku wa giza, usiwashe taa ya uongo humo. Kesho atakuja mwenye macho makali kuliko yako, au mashine tusiyoijua. Mwachie cha kusoma.

Haya, Mungu aibariki mikono yako, akupe subira. Na siku watoto wako watakapokuja kukutafuta humu, wakukute kwa jina ulilopewa.