Haibridi Yangu Iliyoombewa Mvua

Sasa naweza kucheka, lakini ile Jumapili ardhi ya mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi, ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa, na sina wa kumlaumu maana karatasi niliiandika kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi karani katika kiwanda kimoja Industrial Area, nimechoka kwenda kazini kwa miguu na kufika nimechelewa, nikajinyima mwaka mzima hadi nikanunua baiskeli Eastleigh. Siyo Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, kama ya marehemu baba, hapana, hii muuzaji aliniambia ni haibridi, yaani nusu ya mashindano nusu ya milimani, ina gia na ni nyepesi ya kuinuliwa kwa mkono mmoja (niliinua mara tatu pale dukani ili watu waone). Mama, niliyeishi naye, hakutaka hata kuitazama. Mwanamke juu ya baiskeli, tena mwimbaji wa kwaya! Akaniambia siku akina mama wa kanisa watakaponicheka, hiyo kitu itarudi Eastleigh siku hiyohiyo. Na mama yangu, Mkamba wa Machakos, akisema amesema.

Sasa kanisani kwetu kitu kipya huombewa kabla ya kutumiwa, iwe cherehani au redio. Unaandika karatasi, pasta anaisoma mbele ya watu. Maombi niliyataka, kicheko sikukitaka, kwa hiyo nikajifanya mjanja nikaliacha neno baiskeli. Niliandika tu kwamba Dada Mwende anaomba Mungu abariki haibridi yake mpya.

Pasta alikuwa mtu wa shamba, na aliposoma haibridi akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye mahindi. (Na nani angemlaumu? Haibridi ni mbegu, kila mtu anajua, hata mimi nilijua, ila siku hiyo sikuwaza.) Akafumba macho akaomba mvua ya kutosha, akakemea viwavi, akafukuza ndege, akamsihi Mungu anisaidie kuipanda vyema izae magunia kwa magunia, na kanisa zima likaitikia amina. Mama alikuwa anafuta machozi ya furaha akidhani nimelikumbuka shamba lake la nyumbani. Kisha pasta akasema iletwe mbele iwekewe mikono.

Ningeweza kusema nimeisahau nyumbani, lakini kudanganya mbele ya madhabahu niliogopa, basi nikatoka nje nikarudi nikiisukuma katikati ya viti, nayo inalia tik tik tik hadi mbele. Halafu kijana mmoja wa kwaya akasema, "Manze, hii mahindi iko na gia," na kanisa likavunjika mbavu, akina mama wakiwa wa kwanza. Nilimtazama mama nikajua baiskeli imekwenda.

Mama alisimama, hacheki hata kidogo.

"Pasta, si umeomba aipande vyema?"

"Nimeomba, mama."

"Basi aipande tuone."

Tukatoka sote uani. Nikaona kama ni kurudishwa, angalau niiage, nikaikusanya sketi nikapanda. Jamani, ule wepesi! Black Mamba unaisihi, hii ilikuwa inanisihi mimi. Nilikanyaga kidogo tu ikaondoka, nikabadilisha gia ikaitikia, nikazunguka kanisa upepo ukinivumia masikioni na aibu yote nimeiacha nyuma, nikazunguka tena, safari hii napunga mkono (ndiyo, napunga mkono). Kisha nikataka kusimama mbele ya mama kwa maringo, nikabana breki ya kushoto kwa nguvu zangu zote, maana kwenye Black Mamba ya baba breki ya kushoto hushika gurudumu la nyuma. Hii ya ng'ambo ilikuwa kinyume. Gurudumu la mbele likagoma, mimi nikaendelea, nikatua kichwa chini katika bustani ya sukumawiki ya mke wa pasta.

"Haya," nikamsikia mama, "sasa mbegu imeingia udongoni."

Nilipotema udongo niliona anayecheka kuliko wote ni yeye, amejishika kiuno, machozi yanamtoka tena. Nilifurahi mpaka nikasahau goti langu. Nikainuka, nikapanda, nikazunguka mara tatu kwa vigelegele vya akina mama walewale, na kila mara nikasimama taratibu kwa breki ya kulia.

Tangu siku hiyo niliapa, kwenye karatasi ya maombi naandika kila kitu kwa jina lake lote. Lakini Jumapili iliyofuata pasta alisoma karatasi nyingine, na mwandiko niliujua hata kabla hajafungua kinywa: "Namshukuru Mungu. Haibridi ya binti yangu imeota, wiki nzima hajachelewa kazini. Sasa iombewe kiti cha nyuma, na mimi nipande."