Kadi ya Mwese

Mimi nina kasoro moja ambayo hata mume wangu ameshaizoea: nikianza kuandika sitaki mtu anisemeshe. Kwa hiyo bosi aliponipa kazi ya kuandika maelekezo ya kile chombo kipya, nilifunga mlango nikajiona mtu wa maana.

Ofisi yetu iko Mpanda mjini, si mbali na soko, na kazi yetu ni kutengeneza pampu za visima vya vijijini. Kazi zote tunaziweka kwenye ubao ulio ndani ya kompyuta. Kila kisima kina kadi yake, na kadi inahama safu kwa safu: Inasubiri, Inaendelea, Imekamilika. Chombo kipya kilikuwa cha kumwezesha msaidizi wa akili mnemba ausome ubao huo mwenyewe kila Jumatatu, atoe ripoti na kupanga vipuri viende kijiji gani. Mimi nilitakiwa kumweleza kila safu ina maana gani. Niliandika: "Imekamilika maana yake pampu imepona na watu wanateka maji." Halafu nikaongeza kwa mbwembwe kwamba chombo hakina madhara, kwa kuwa kinasoma tu, hakigusi kitu.

Ile ya Imekamilika ilikuwa sentensi safi kabisa. Na ilikuwa uongo, na nilijua.

Mafundi wetu wanaopanda Mwese wana mtindo wao. Kule milimani mtandao ni wa kubahatisha, barabara nayo ndiyo hiyo, wakirudi wako hoi, hakuna anayekumbuka kufungua kompyuta. Basi asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, wanaihamisha kadi moja kwa moja kwenda Imekamilika. Kazi ikigoma, wakirudi wanasimama mlangoni, hata kofia hawajavua, wanasema, "Jamani, ile bado." Tunaitikia, "Poleni." Yameisha. Mama wa stoo alikuwa hatoi bomba hata moja bila kuuliza kwa sauti, "Nyie, hii imekwisha kweli au imekwisha ya asubuhi?" Tunacheka, anajibiwa. Miaka yote tuliishi hivyo na hakuna kilichoharibika. Sikuyaandika hayo kwa sababu niliona aibu. Nani aandike kwenye maelekezo rasmi kwamba ofisi yake inamaliza kazi kabla ya kuianza?

Mwese ndiko anakoishi mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu sijui kujifunga kanga. Pampu ya kwao ilikufa. Fundi mkuu akahamisha kadi asubuhi kama kawaida, akaenda, akakuta bomba za ndani zimeliwa na kutu, akarudi, akasimama mlangoni: "Jamani, ile ya Mwese bado, inataka bomba mpya." Mimi nilikuwepo. Nilisema pole bila kuinua macho, nilikuwa nahangaika na koma.

Jumatatu msaidizi akasoma ubao, akasoma na maelekezo yangu, akaamini. Bomba zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya Mwese akazipangia Kapalamsenga, kule ziwani, na zikaenda. Mama wa stoo hakuuliza kitu. Bosi alishamwambia sasa haina haja, ripoti inatosha.

Wiki ya pili mama mkubwa akapanda kilimani kutafuta mtandao, akanipigia. "Mwanangu, wale watu wako mbona hawajarudi?"

Nikafungua ripoti. Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Lakini mama, huku inaonyesha imekamilika."

"Haya. Kama huko kwenye kompyuta yanatoka, niambie niweke ndoo wapi."

Hasira zikanipanda. Nilitoka mbio hadi uani walikokuwa mafundi nikawafokea: nyie mnatuaibisha, nyie hamjali watu! Fundi mkuu aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi mpaka nikamaliza. "Dada, sisi tulisema," akajibu taratibu. "Na wewe ulikuwepo."

Nilirudi ndani nikakaa. Msaidizi wa watu hakukosea hata neno, alisoma alichoandikiwa. Aliyemdanganya ni mimi, kwa sababu ya kutaka tuonekane nadhifu.

Bomba nyingine zilichukua wiki kadhaa, na mvua zikawa zimeshaanza. Katika kungoja huko, mama mkubwa aliteleza kwenye njia ya kijitoni akiwa na ndoo kichwani, akaumia goti. Jirani yake ndiye aliyenipa habari. Nililia palepale ofisini, mchana kweupe, watu wakiniangalia, wala sikujali.

Kadi ya Mwese nikairudisha nyuma kwa mkono wangu. Ile sentensi yangu safi nikaifuta. Nikaandika kila kitu: kwamba huwa tunahamisha kadi asubuhi kabla ya safari, kwamba yanayosemwa mlangoni hayamo ubaoni. Mwisho nikaandika: "Kazi imekamilika pale tu mtu wa kijiji hicho anapopiga simu na kusema maji yanatoka. Asipopiga, hesabu kwamba bado." Bosi alisoma akakunja uso. "Hii inatuvua nguo," akasema. Nikamwambia, basi na tuvuliwe, na kama hataki atafute mwandishi mwingine. Akaguna, akaiacha.

Bomba zilipofika, mafundi walipanda, wakarudi wakicheka: imepona. Ripoti ya Jumatatu ikasema Mwese bado. Walinung'unika kweli, eti sasa hawaaminiki, lakini sikubadili kitu. Simu ikaja Jumatano. Alikuwa yule jirani, anahema kwa kupanda kilima.

"Maji yanatoka," akasema. "Mama yako ndiye kanituma. Yeye kilima hakiwezi tena. Kasema hivi: uandike maji yanatoka, goti bado."

Nikahamisha kadi. Kisha nikafunga kompyuta, nikaenda kutafuta bodaboda ya Mwese.