Mlango wa Buluu Wenye Kufuli

Saa moja na dakika ishirini asubuhi mwanamke mmoja aliingia uani kwangu, akasimama mbele ya mlango wa buluu. Nilikuwa nimeusimamisha pamoja na milango mingine sita, kila mmoja ndani ya fremu yake, bila ukuta wala paa. Hiyo ndiyo ilikuwa sanamu yangu. Yote ilitoka kwenye nyumba za ufukweni, hapa Kalemie, ambazo ziwa lilipanda likazibomoa. Niliinunua sokoni kwa wauza kuni. Mnunuzi wa Lubumbashi angekuja kuichukua saa nne.

Mlango wa buluu ulikuwa na kufuli lililofungwa. Niliupata hivyo, nikauacha hivyo. Mnunuzi alisema ndio uliomvuta.

Mwanamke alifungua pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo. Kufuli lilikwama kidogo kwa kutu, kisha likafunguka. Akalifunga tena.

"Papa, hii njo mulango yangu."

"Nilinunua, Mama."

"Najua. Mwenye kukuuzisha aliing'oa ndani ya maji. Mimi niliifunga, nikaenda kulala kwa dada yangu."

Hapa kwetu, maji yakichukua nyumba, mwenyewe huacha mlango umesimama, umefungwa kwa kufuli, hata kama kuta zimekwisha. Maana yake parseli, yaani kiwanja, ina mtu, ameondoka tu. Nilikuwa nimeiona milango ya namna hiyo mara nyingi. Ila huu niliukuta umelala sokoni juu ya mingine.

"Shefu wa avenyu yetu anapita leo saa sita kuandika parseli," alisema. "Akikuta maji matupu, ataandika parseli haina muntu. Maji ikirudi nyuma, watapatia mwingine."

"Na mulango tu itamutosha?"

"Itamutosha. Hata kwake shefu imebaki mulango tu."

Nilichukua nyundo na patasi, nikavunja sementi chini ya fremu. Sikuona huruma, wala hasira. Niliangalia tu mbao zisipasuke.

Tulipanda pikipiki moja, mlango ukiwa kati yetu. Dereva aligeuka, akaucheka.

"Papa, na nyumba yenyewe inakuja nyuma?"

"Ilishatangulia," mwanamke alijibu.

Ufukweni tuliingia ziwani mpaka mapajani. Alitembea polepole, akitafuta kizingiti chake kwa nyayo. Alipokipata, alisimama juu yake akaniita. Nilisimamisha fremu, tukaikaza kwa mawe.

"Geuza, Papa. Sisi tunaingiliaka upande wa barabara."

Tukaigeuza.

Shefu alipita saa sita na nusu. Hakushuka majini. Aliutazama mlango akiwa nchi kavu, akauliza kwa sauti, "Mwenyewe yuko?"

"Niko!"

Akaandika, akaenda zake. Mwanamke alijaribu kufuli mara moja, akanishukuru, akaenda kwa dada yake. Nami nikarudi kwa miguu, suruali imelowa.

Mnunuzi alikuwa amenisubiri uani. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Weka mwingine, utie kufuli jipya."

"Hapana."

"Basi sichukui."

Gari lake liliondoka tupu. Milango sita bado iko uani. Mke wangu huanika nguo juu yake. Mimi na mnunuzi tulikuwa tumekubaliana dola mia tisa.