Restuta Aliyetibu Mtama Usioumwa

Restuta alizaliwa na ubishi wake. Kijijini kwao, upande wa Mvumi, watu walishamzoea: ukimwambia jambo fulani haliwezekani, ujue umemtuma akalifanye. Ila msimu ule ubishi ungeweza kumponza. Funza wa mabua walikuwa wameula mtama wake miaka miwili mfululizo, na mkwewe, Mzee Bartolomayo, alishatamka mbele ya ukoo kwamba ukishindwa tena, shamba aliloachiwa na marehemu mumewe litapandwa zabibu za shemeji yake, Cornel.

Huyu Cornel aliwahi kufanya vibarua kwenye mizabibu ya Makutupora, na tangu arudi hakuna aliyepumua. Ukimsalimia, anakujibu kwa zabibu. Restuta alimpenda kama ndugu, lakini shamba lile ndilo lililomlea yeye na wanawe, na alikuwa tayari kulipigania.

Mvua za kwanza zilipoanguka, alikuja Elieth, mtafiti wa mazao, akitafuta mkulima wa kujaribu dawa mpya.

"Dawa hii haiui mdudu hata mmoja," aliwaambia wanakijiji wazi. "Inauamsha mmea ujilinde wenyewe. Unaupulizia ungali mzima, kabla mdudu hajafika."

Wengi walijikung'uta vumbi wakaenda zao. Restuta alibaki. Alikumbuka mtamba wa baba yake, ng'ombe aliyevunja ua, akala mtama mchanga na kufa kabla jua halijazama. Ukali wa sumu mtama unao, kila mfugaji wa huku anajua.

"Kwa hiyo tunauchokoza utoe ukali wake mapema?" aliuliza.

"Hapo hapo, mama," Elieth alijibu, akacheka kwa furaha. "Sharti moja tu: usichanganye na kitu kingine. Ukichanganya, hatutajua kilichokuokoa ni nini."

Basi Restuta akapulizia miche mibichi, isiyo na doa. Cornel alisimama njiani akiangua kicheko.

"Shemeji, unampa dawa asiyeumwa? Hata hospitalini wanakuuliza kwanza unaumwa nini!"

Kicheko hicho alikivumilia. Kilichomtesa ni mtama wenyewe, maana ulidumaa. Elieth alikuwa amemwonya kwamba mmea unaojijengea ulinzi hauna haraka ya kurefuka, lakini onyo halikusaidii unapotazama wa jirani ukikupita kimo. Asubuhi moja akaona funza juu ya jani, mzima, anatembea kama mwenye shamba. Moyo ukampasuka. Alikimbia nyumbani, akajaza kopo majivu ya jikoni ayatie katikati ya majani, kama alivyofanya mama yake miaka yote. Alipoinama juu ya mche wa kwanza, akakumbuka sharti la Elieth. Akayamwaga majivu njiani, akalia kidogo, kisha akaenda kuchota maji.

Mwezi uliofuata funza walikishambulia kijiji kizima. Kwenye mtama wa Cornel majani ya katikati yalikauka na mabua yakaanza kuanguka. Kwa Restuta mtama mfupi ule ukanyanyuka taratibu, ukatoa masuke, masuke yakajaa hadi yakainama.

Siku ya kuvuna ukoo wote ulikuja kuona. Mzee Bartolomayo alileta kisu chake, kwa sababu kwao bua halisifiwi kabla halijapasuliwa. Akaanza na la Cornel: ndani lilikuwa unga mtupu, na funza wanono wamelala humo. Akapasua la Restuta kuanzia chini. Jeupe. La pili, jeupe. Kwenye la tatu palikuwa na tundu dogo, na funza mmoja aliyekaukia pale pale mlangoni.

Mzee alilinusa lile bua, akamkabidhi Restuta kisu.

"Shamba ni lako, mwanangu. Zabibu zitafute kwao."

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatimua hata ndege waliokuwa wakivizia masuke. Restuta alipiga vyake kwa sauti kuliko wote, na hakuona haya.

Jioni Cornel alimsogelea, amejikunyata.

"Shemeji, mwakani utanipulizia na langu?"

"Nitakupulizia."

"Ila tusiharakishe. Tungoje kwanza tuone kama funza watakuja."

Restuta alicheka hadi akakaa chini juu ya mabua.

"Ukishawaona, shemeji," alisema akijifuta machozi, "panda zabibu."